Chai, kahawa, bisapu au maharagi: tuchague nini dhidi ya mkazo wa oksidisho?

Anayeuliza hapa Bukavu ni kinywaji au chakula gani kinachoukinga mwili vizuri zaidi dhidi ya mkazo wa oksidisho, yaani uharibifu wa seli unaoletwa na molekuli kali zitokanazo na oksijeni, hupata majibu mengi, na kila jibu lina ukweli ndani yake. Mmoja atamsifia chai ya Kabare, mwingine kahawa ya Idjwi, wa tatu bisapu, kinywaji chekundu cha ua la rozela kinachouzwa kwa chupa, na wa nne atamwambia arudi kwenye sahani ya maharagi na sombe (majani ya muhogo). Vyote hivyo vina kampaundi za fenoli, yaani viambato ambavyo mmea hujitengenezea ili kujilinda na jua kali, wadudu na kuvu, na ambavyo sisi huvipokea tunapoula au kuunywa mmea huo. Hata hivyo havina fenoli za aina moja, haviingii mwilini kwa njia moja, na kinachomfaa mtu mwenye presha huenda kisimfae mama mwenye upungufu wa damu. Ndiyo maana nimeona ni afadhali kuvilinganisha kwa vigezo vilevile kuliko kutangaza mshindi.

Fenoli hufanya nini hasa mwilini

Seli inapotumia oksijeni ili kupata nguvu, sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa radikali huru, yaani molekuli zilizopungukiwa elektroni ambazo huzinyang'anya mafuta, protini na hata DNA. Moshi wa tumbaku, moshi wa makala (makaa) katika jikoni lisilopitisha hewa, sukari nyingi katika damu na maambukizi ya muda mrefu huongeza radikali hizo. Mwaka 1956 Denham Harman alipendekeza kwamba uharibifu wa namna hiyo unachangia uzee. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich waligundua kimeng'enya ambacho mwili wenyewe hukitumia kuizima superoksidi, mojawapo ya radikali hizo. Na mwaka 1985 Helmut Sies akaipa jina hali ya mizani kuelemea upande wa uharibifu: mkazo wa oksidisho.

Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba fenoli huuondoa mkazo huo kwa kuzipa radikali elektroni au hidrojeni moja kwa moja. Katika chupa ya maabara jambo hilo hutokea kweli. Katika damu, hata hivyo, fenoli nyingi zinazotokana na chakula huwa chini ya maikromoli 1 kwa lita, ilhali vitamini C huwa karibu na 50 na asidi ya yuriki hupita 200. Kiasi hicho cha fenoli ni kidogo mno kuweza kuizidi kazi ya hivyo vingine. Kwa sababu hiyo, mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya vyakula vilivyopangwa kwa nguvu ya antioksidanti (uwezo wa kuzuia oksidisho) iliyopimwa maabarani, maana namba zile zilikuwa zikitumika vibaya katika matangazo. Ukiona hadi leo kifurushi kinachojisifu kwa namba ya aina hiyo, usikichague kwa sababu yake.

Njia inayoelekea kuwa na uzito zaidi ni nyingine. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, ambayo kwa kawaida hushikiliwa na protini nyingine, Keap1, na kuharibiwa muda wote. Baadhi ya fenoli, hasa zikishaguswa zenyewe na oksidisho kidogo, huibana Keap1 hadi ikalegea. Ndipo Nrf2 inapoingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni zinazotengeneza glutathioni, antioksidanti ya mwili wenyewe, na vimeng'enya vya kinga. Kwa maneno mengine, fenoli huuchokoza mwili kidogo ili mwili wenyewe uongeze ulinzi wake. Pamoja na hilo, fenoli hushika chembe za chuma na shaba ambazo zingechochea radikali, na ndani ya utumbo, ambako huwa nyingi kuliko katika damu, huweza kuzizima radikali moja kwa moja. Bakteria wa utumbo mpana nao huzivunja zile kubwa kuwa asidi ndogondogo ambazo mwili unaweza kuzifyonza.

Vigezo vya kulinganisha

Kutokana na hayo, nimepima kila kitu kwa maswali matano. Kina fenoli gani, na kwa wingi upi? Ni kiasi gani huingia mwilini? Utayarishaji wetu wa kila siku huziongeza au huzipunguza? Kina athari gani kwa madini ya chuma na kwa afya kwa jumla? Na je, kinapatikana kwa urahisi na kwa bei ya kudumu nayo? Swali la nne nimelipa uzito kuliko mengine, kwa sababu fenoli zilezile tunazozisifu hufungana na chuma kilichomo katika maharagi na majani, na kwetu, ambako nyama si ya kila siku, chuma hicho cha mimea ndicho tegemeo la nyumba nyingi.

Chai

Jani bichi la chai limejaa fenoli ziitwazo katekini. Likinyaushwa, likakunjwa na kuachwa hewani, kimeng'enya chake huziunganisha katekini hizo kuwa teaflavini, zinazoleta ung'avu wa dhahabu na ukali kwenye ulimi, na tearubijini, zinazoleta wekundu wa kahawia na ambazo ndizo nyingi zaidi katika chai nyeusi tunayoinywa. Chai ya kijani hupashwa joto mapema ili kukiua kimeng'enya hicho, na kwa hiyo katekini zake hubaki jinsi zilivyokuwa.

Katekini ndogo hufyonzwa kwa kiasi fulani katika utumbo mwembamba, lakini molekuli kubwa za chai nyeusi huelekea karibu zote kwenye utumbo mpana na kuwategemea bakteria. Hilo halimaanishi kwamba chai nyeusi haina faida. Maana yake ni kwamba faida yake huja kwa kuchelewa na hutofautiana kati ya mtu na mtu. Dakika 3 hadi 5 katika maji ya moto hutosha kutoa sehemu kubwa ya fenoli, na kuichemsha chai hadi iwe chungu huongeza ukali kuliko manufaa. Kuhusu maziwa, protini yake hufungana na fenoli za chai, lakini majaribio kwa watu yametoa majibu yanayopingana. Kwa maoni yangu, anayependa chai ya maziwa asiache kwa sababu hiyo peke yake.

Udhaifu mkubwa wa chai ni kuzuia chuma. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1983, kikombe cha chai kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64. Wengi wetu hunywa chai asubuhi pamoja na chakula, au mara tu baada ya bugali, na huo ndio wakati mbaya zaidi. Ikisogezwa saa moja mbali na mlo, athari hiyo hupungua.

Kwa bei, ni vigumu kupata kitu kinachoishinda chai. Inamfaa mtu asiye na tatizo la damu, anayekula vizuri, na anayetaka kitu chepesi cha kunywa kila siku bila kafeini nyingi kama ya kahawa.

Kahawa

Watu wengi hawaitarajii kahawa katika mazungumzo haya, lakini kwa mnywaji wa kila siku mara nyingi ndiyo chanzo chake kikubwa kuliko vyote cha fenoli. Kikombe kimoja kinaweza kubeba kati ya miligramu 70 na 350 za asidi ya klorojeniki, fenoli kuu ya kahawa. Tofauti hiyo kubwa hutokana na aina ya buni, wingi wa unga na, zaidi ya yote, ukaangaji. Punje ya arabika ya Idjwi au Kalehe ikikaangwa hadi iwe ya hudhurungi isiyong'aa kwa mafuta, hubaki na sehemu nzuri ya asidi hiyo. Ikikaangwa hadi iwe nyeusi na kutoa mafuta juu yake, sehemu kubwa huharibika, ingawa ukaangaji nao huzaa melanoidini, ambazo zina nguvu fulani ya kuzuia oksidisho. Anayenunua buni mbichi na kujikaangia nyumbani, kama wafanyavyo baadhi ya wazee wetu, ana uwezo ambao mnunuzi wa kopo hana: anaweza kuiepua sufuria mapema.

Karibu theluthi moja ya asidi ya klorojeniki hufyonzwa katika utumbo mwembamba, na theluthi mbili hufika kwenye utumbo mpana na kuvunjwa huko. Ukilinganisha na fenoli nyingine, huo ni uwiano mzuri.

Kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake, bila kuchujwa kwa karatasi, hubaki na kafestoli, mafuta yanayopandisha kolesteroli mbaya. Mwenye kolesteroli ya juu achuje. Kafeini nayo huhesabiwa: Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaopata zaidi ya miligramu 300 kwa siku waipunguze. Kuhusu chuma, jaribio lile la 1983 liliiona kahawa ikipunguza ufyonzaji kwa asilimia 39, pungufu ya chai, na likaongeza jambo lenye manufaa makubwa kwa mpangilio wa siku: kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikupunguza chuma, lakini iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilipunguza sawasawa na ile iliyonywewa pamoja na chakula. Kwa mnywaji wa alfajiri anayekula baadaye, hiyo ni habari njema.

Inamfaa mtu mzima mwenye moyo na usingizi mzuri, asiye na kiungulia, na anayeweza kuinywa bila vijiko vingi vya sukari.

Bisapu

Rangi ya bisapu hutoka katika vikonyo vyekundu vya ua la rozela, yaani vifuniko vinene vinavyolizunguka ua, na rangi hiyo yenyewe ndiyo fenoli: anthosiyani, hasa za delfinidini na siyanidini. Anayetaka kuziona kwa macho amwage kidogo bisapu isiyo na sukari katika glasi, kisha atie chembe chache za bikarboneti. Povu litapanda, na wekundu utageuka zambarau, kisha bluu ya giza inayoelekea kijani. Anthosiyani hutulia katika uchachu na kuvurugika uchachu unapoondoka, na hilo ni dokezo la safari yao mwilini: tumboni, penye asidi, huwa imara, lakini katika utumbo, ambako asidi imezimwa, nyingi hubadilika, na zinazoonekana katika damu zikiwa bado nzima ni chache mno, mara nyingi chini ya asilimia 1 au 2 ya zilizonywewa. Mabaki yao ndiyo yanayoendelea na kazi.

Joto la muda mrefu na mwanga huziharibu pia. Vikonyo vilivyoanikwa siku nyingi juani hadi vikawa vya kahawia vimeshapoteza sehemu ya thamani yake. Mnunuzi sokoni Kadutu achague vyekundu vya giza, avimwagie maji ya moto na kufunika badala ya kuvichemsha kwa muda mrefu, na ahifadhi kinywaji mahali pa baridi pasipo na mwanga.

Bisapu ina ushahidi wa pekee kuhusu presha. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo walipewa vikombe 3 kwa siku vya rozela au vya kinywaji kilichofanana nayo. Baada ya wiki 6, namba ya juu ya kipimo cha presha ilishuka kwa wastani wa milimita 7.2 za zebaki katika kundi la rozela na 1.3 katika kundi lingine. Ni matokeo ya kutia moyo, wala hayatoshi kumfanya mtu aache dawa zake. Anayemeza dawa za presha amweleze daktari kabla ya kuinywa kila siku. Mjamzito aiepuke kwa wingi, kwa kuwa usalama wake wakati wa ujauzito haujathibitishwa, na mwenye vidonda vya tumbo ataumizwa na uchachu wake.

Sukari ndiyo inayonisikitisha zaidi. Chupa ya nusu lita iliyotiwa sukari kwa asilimia 10 ina gramu 50 za sukari, kiasi kinacholingana na kikomo cha siku nzima cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayehitaji kalori 2,000. Sukari nyingi katika damu huongeza mkazo wa oksidisho, na kwa hiyo chupa kama hiyo hubomoa kwa mkono mmoja kile inachojenga kwa mwingine. Bisapu ya nyumbani, yenye tangawizi na sukari kidogo au isiyo na sukari, ni kinywaji kingine kabisa, na ndiyo ninayoizungumzia ninapoisifu. Haina kafeini, na hilo huwafaa wasiolala vizuri.

Maharagi ya rangi

Fungu la maharagi mchanganyiko sokoni ni somo zima la fenoli. Punje nyeusi zina anthosiyani katika ganda. Nyekundu na za madoadoa zina tanini zilizoungana pamoja na flavonoli kama kemferoli. Nyeupe zina fenoli chache sana. Ukiloweka nyekundu usiku kucha, maji ya asubuhi huwa yamechukua rangi ya chai nyepesi, na rangi hiyo ni sehemu ya fenoli zilizotoka kwenye ganda. Punje za zamani huwa nyeusi zaidi kwa sababu tanini zake zimeoksidishwa, nazo ndizo zinazokataa kuiva.

Je, maji hayo yamwagwe? Ukiyamwaga unapoteza fenoli kiasi, lakini unaondoa pia sukari zinazoleta gesi na sehemu ya faitati inayofunga chuma, na maharagi huiva haraka. Kwetu hilo si jambo dogo: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na kila nusu saa ya ziada kwenye mbabula ni makala na moshi. Mimi huona kumwaga ni sawa, maana kilichobaki katika punje kinatosha. Lakini yachemshwe kwa nguvu hadi yaive kabisa, kwa kuwa maharagi mabichi yana lektini inayotapisha.

Fenoli nyingi za maharagi zimefungwa katika nyuzinyuzi, hazifyonzwi mapema, na hufunguliwa na bakteria katika utumbo mpana pamoja na nyuzi zenyewe. Hapa maharagi yana faida ambayo kinywaji hakina: yanawalisha bakteria wale wale wanaozichakata fenoli, na yanaleta protini na chuma kwa wakati mmoja. Kasoro yake ni kwamba fenoli na faitati zake hukifunga chuma chake chenyewe. Dawa iko sokoni humohumo. Ndimu ikikamuliwa juu ya sahani au pera likiliwa baada yake, vitamini C hukifungua chuma. Sambaza wachache, wale samaki wadogo wa ziwani, wakipikwa pamoja, nyama yao huongeza ufyonzaji. Pia kuna mbegu za maharagi zilizoteuliwa ziwe na chuma kingi, ambazo watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, huko Mulungu wamezifanyia kazi, na mkulima anayeweza kuzipata azipande.

Sombe na lengalenga (mchicha) ziko katika kundi hilihili: zina rutini na flavonoli nyingine, chuma na nyuzi. Kuchemsha sombe kwa muda mrefu hupunguza fenoli, lakini muda huo usipunguzwe kamwe, kwa sababu ndio unaoondoa sayanidi. Lengalenga haina hatari hiyo, na huiva kwa dakika chache.

Sahani hii inamfaa karibu kila mtu, isipokuwa mwenye matatizo ya tumbo yanayochochewa na gesi, ambaye aanze kwa kiasi kidogo.

Neno kuhusu vidonge

Famasia huuza vidonge vya chai ya kijani na vingine vyenye jina la antioksidanti. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini ya EGCG kutoka kwenye vidonge huhusishwa na dalili za kuumia kwa ini. Mfano mwingine ni wa Finland: beta-karotini, ambayo ni antioksidanti ingawa si fenoli, ilipotolewa kwa vidonge kwa wavutaji sigara katika utafiti wa wanaume 29,133, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu ikiongezeka kwa asilimia 18. Dozi ndogo za kila siku kutoka kwenye mmea na dozi kubwa kutoka kwenye kidonge si kitu kimoja, na pesa za kidonge hutosha kununua maharagi na matunda ya siku kadhaa.

Kulingana na hali yako

Mwenye upungufu wa damu, mjamzito, msichana aliyeanza hedhi na mtoto mdogo waanze na maharagi na lengalenga zilizoambatana na ndimu au sambaza, na wasinywe chai wala kahawa pamoja na mlo. Mama anayependa kikombe chake akinywe katikati ya asubuhi, wakati kifungua kinywa kimeshashuka na chakula cha mchana bado.

Mwenye presha iliyopanda kidogo anaweza kujaribu bisapu isiyo na sukari kwa wiki kadhaa huku akipima, kwa ruhusa ya anayemtibu. Akiwa pia na kisukari, bisapu ya dukani asiiguse. Maharagi, yanayopandisha sukari ya damu polepole, yanamfaa kuliko kinywaji chochote.

Mwanafunzi au mlinzi anayekesha, mwenye tumbo zuri, atapata fenoli nyingi kwa kahawa iliyokaangwa kwa wastani, akiinywa kabla ya kula. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo aiache kahawa na bisapu pia, na ashike chai nyepesi mbali na mlo.

Mwenye fedha kidogo asigawanye alichonacho kati ya vitu vinne. Anunue maharagi ya rangi kwanza, majani ya kijani pili, na kikitokea cha ziada ndipo achague kinywaji anachokipenda. Kinywaji chochote cha moto akiache kipoe kidogo, kwa kuwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka mwaka 2016 vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo yaelekea huleta saratani ya umio.

Na kwa anayevuta sigara au anayepika kila siku katika jikoni lililojaa moshi, hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoweza kuufidia moshi huo. Apate mlo wenye maharagi na matunda, lakini juhudi yake ya kwanza iwe kuacha sigara, au kuisogeza mbabula mahali penye hewa.